Sukari yangu ni ya kawaida, kwa nini nimeandikiwa dawa ya kisukari ili nishike mimba?

SWALI

Shikamoo daktari. Nina miaka 29, naishi Tanga, ndoa yangu ina miaka mitatu na sijawahi kushika mimba. Siku zangu hazieleweki tangu usichana: huja baada ya miezi miwili, mara mitatu, mwaka jana nilikaa minne. Nina kilo 84 na urefu wa sentimita 160. Kidevuni zinaniota nywele, nazing'oa kila wiki, na shingo imekuwa nyeusi. Nilipiga ultrasaundi nikaambiwa mayai ni mengi, madogo madogo, hayapevuki, na kwamba nina PCOS, yaani homoni zimevurugika na ovari zimejaa vifuko vidogo. Sukari kabla ya kula ilikuwa 5.4, daktari akasema ni ya kawaida, lakini akaniandikia metformin. Nilipofika duka la dawa muuzaji akaniuliza, "Dada, kisukari kimekuanza lini?" Baba yangu alifariki kwa kisukari baada ya kukatwa mguu, kwa hiyo nilirudi nyumbani nalia na dawa sijazigusa. Wifi yangu ananiletea dawa za kusafisha kizazi. Mume wangu ni dereva wa lori. Hataki kupimwa kwa sababu ana mtoto wa miaka tisa aliyempata kabla hajanioa, na mwenyewe siku hizi usingizi wake wa tabu, usiku anaamka mara tatu kwenda kukojoa. Naomba unieleze, kongosho linahusiana nini na mtoto?

JIBU

Marahaba, binti yangu. Pole kwa miaka mitatu ya kungoja, na pole kwa lile swali la dukani. Nikutoe wasiwasi kwanza: kwa kipimo hicho, huna kisukari. 5.4 kabla ya kula ni sukari nzuri. Kinachomsumbua daktari wako ni jasho linalolitoka kongosho lako ili sukari hiyo ibaki 5.4, maana jasho hilo ndilo linalozivuruga ovari. Nitakueleza polepole, kwa sababu nimeona wanawake wengi wakiacha dawa sahihi kwa kukosa mtu wa kuwaeleza robo saa tu.

Kongosho limelala nyuma ya tumbo la chakula. Sehemu yake kubwa hutengeneza maji ya kusagia chakula. Lakini ndani yake kuna vishada vidogo sana vya seli, vilivyotawanyika kama visiwa, ambavyo mwaka 1869 kijana mmoja aliyekuwa akisomea udaktari Berlin, Paul Langerhans, aliviona kwenye hadubini bila kujua kazi yake. Humo ndimo homoni zinamotoka. Seli za beta hutoa insulini, ambayo huiingiza sukari kwenye misuli, mafuta na ini. Seli za alfa hutoa glukagoni, ambayo hulituma ini liachie sukari mtu anapokaa na njaa. Na seli za delta hutoa somatostatini, ambayo huzituliza hizo mbili. Kwa habari ya uzazi, mhusika mkuu ni insulini.

Chukulia insulini ni mpiga hodi. Sukari imefika mlangoni mwa misuli, insulini inapiga hodi, mlango unafunguliwa, sukari inaingia. Kwa mtu mwenye usugu wa insulini, misuli na ini vimekuwa vizito kusikia. Hodi moja haitoshi. Kongosho halikati tamaa, linapiga hodi mara mbili, mara tatu, kwa sauti kubwa zaidi, hadi mlango ufunguke. Sukari ikipimwa asubuhi inakutwa iko sawa, maana mwishowe imeingia. Hakuna kipimo cha sukari kinachoonesha kelele zilizopigwa ili iingie. Hali hiyo inaweza kuendelea miaka kumi au zaidi kabla kongosho halijachoka, na likichoka ndipo sukari hupanda na mtu huambiwa ana kisukari aina ya pili. Ukiwa na mzazi aliyekuwa na kisukari hicho, uwezekano wa kurithi usugu huu ni mkubwa kuliko wa mwenzako.

Sasa hapa ndipo penye jibu lako. Ovari si kiziwi. Misuli ikiwa mizito kusikia, ovari inaendelea kuisikia insulini vilevile, na inazipokea kelele zote zilizokusudiwa jirani. Ndani ya ovari, kila yai limekaa kwenye kifuko kilichozungukwa na seli ambazo kazi yake ni kutengeneza homoni za kiume kwa kiasi kidogo. Homoni hizo hugeuzwa kuwa estrojeni, homoni ya kike. Ni kawaida, kila mwanamke anazo. Inayoziamrisha seli hizo ni homoni ya ubongoni iitwayo LH, na insulini husaidiana nayo. Insulini ikizidi, seli zinatengeneza homoni za kiume kupita kiasi. Wakati huohuo insulini inalizuia ini kutengeneza protini inayozishika homoni hizo kwenye damu, kwa hiyo nyingi zinatembea huru. Zikifika kidevuni, nywele zinaota. Zikibaki ndani ya ovari, vifuko vinaanza kukua, vinafika milimita tano, sita, nane, halafu vinasimama. Kifuko kilicho tayari kupasuka na kuachia yai hufika kama milimita 20. Vyako havifiki huko.

Ile picha yako ya ultrasaundi ndiyo inaonesha hayo. Ovari imekuwa nene, na pembezoni mwake kuna vitone vyeusi vilivyojipanga duara, vyote saizi moja, kama abiria wamekaa kituoni na gari haliji. Watu huviita uvimbe, na mwanamke akisikia uvimbe anafikiria upasuaji. Si uvimbe. Kila kitone ni kifuko chenye yai zima linalosubiri kuruhusiwa. Huna upungufu wa mayai, binti yangu. Wanawake wenye hali hii kwa kawaida wana akiba kubwa kuliko wenzao wa umri wao.

Na ile shingo nyeusi. Miaka ya nyuma alinijia msichana mmoja amejitanda mtandio siku ya joto kali. Alipoufungua, ngozi ya shingo ilikuwa nyeusi, nene, laini ukiigusa kama kitambaa cha mahameli, na juu yake kulikuwa na michubuko mipya. Alikuwa akiisugua kwa dodoki na limau kila asubuhi, kwa sababu mama mkwe alimwambia hajui kuoga. Insulini ikizidi kwenye damu huzichochea seli za ngozi kuongezeka, hasa shingoni, kwapani na kwenye mapaja. Haitoki kwa kusugua; hupungua yenyewe insulini ikishuka. Kwa hiyo daktari wako alipoiona shingo yako alikuwa ameshaziona kelele ninazozisema. Huhitaji kulipia kipimo cha insulini kwenye damu. Ni cha gharama, majibu yake hayaaminiki sana kwa mtu mmoja mmoja, na hayatabadilisha matibabu. Hiyo pesa iweke, tutaihitaji kwingine.

Uhusiano huu wa sukari na uzazi ulichukua miaka mingi kueleweka. Mwaka 1921, mwaka uleule ambao insulini iligunduliwa Toronto, madaktari wawili wa Ufaransa, Achard na Thiers, waliandika habari za wanawake wenye ndevu wanaougua kisukari. Mwaka 1935 Stein na Leventhal wa Chicago wakaeleza wanawake saba wasiopata hedhi vizuri, wenye ovari kubwa zilizojaa vifuko, na wakawakata kipande cha ovari, hedhi ikarudi. Kwa muda mrefu hizi zikabaki hadithi mbili tofauti. Mwaka 1980 ndipo watafiti wa Marekani walipopima wakakuta wanawake wa PCOS wenye homoni za kiume nyingi ndio wenye insulini nyingi. Leo Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 walio kwenye umri wa kuzaa wana hali hii, na wengi wao hawajaambiwa. Wembamba pia wanaipata. Na si kila mwenye PCOS ana usugu wa insulini, ila wewe dalili zako zinasema wazi.

Ubongo nao hauko nje ya habari hii. Yai huanza kukuzwa kwa amri ya homoni mbili, LH na FSH, zinazotumwa kwa mapigo. Kwenye PCOS mapigo huwa ya haraka mno, LH inapanda, FSH ambayo ndiyo mlezi wa yai inabaki nyuma. Na usidhani insulini ni adui wa uzazi. Mwaka 2000 watafiti wa kituo cha Joslin kule Boston walitumia panya ambao ubongo wao umeondolewa uwezo wa kuisikia insulini. Majike mayai yao hayakukomaa vizuri, na madume mbegu zao zikapungua. Ndiyo maana msichana mwenye kisukari aina ya kwanza, ambaye kongosho lake limeacha kabisa kutengeneza insulini, asipopata sindano za kutosha huchelewa kuvunja ungo au hedhi yake hukatika. Mwili unauliza: chakula kipo? Insulini ndiyo inayojibu. Ikikosekana, ubongo unasema mimba isubiri. Ikizidi, ovari inavurugika.

Turudi kwenye kidonge ulichokiogopa. Metformin ina asili ya mmea wa Ulaya, na daktari wa Ufaransa, Jean Sterne, ndiye aliyeandika habari za kuwatibia wagonjwa wa kisukari kwa dawa hiyo mwaka 1957. Kazi yake kubwa ni kulizuia ini lisimwage sukari ovyo, na kuusaidia mwili uisikie insulini. Hodi zinapungua, ovari inapata utulivu. Mwaka 1994 madaktari wa Venezuela walipowapa wanawake 26 wenye PCOS, baadhi yao hedhi ilirudi na watatu wakapata mimba. Ikiwa peke yake, haimshushi sukari mtu ambaye sukari yake iko sawa, kwa hiyo usiogope kuanguka. Inachosumbua ni tumbo: kichefuchefu, kuharisha, mdomo kuonja chuma. Ndiyo maana huanza na kidonge kimoja cha miligramu 500 pamoja na chakula cha usiku, kisha daktari anaongeza kidogo kidogo wiki hadi wiki. Wengi wanaoiacha ni wale walioanza na vidonge viwili au vitatu kwa siku, tena kabla ya kula. Ukiitumia miaka mingi, vitamini B12 ipimwe. Na figo zipimwe kabla ya kuanza.

Lakini sitakuficha, na hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wenzangu: metformin peke yake si dawa kali ya kutafutia mtoto. Mwaka 2007 ulitoka utafiti wa Marekani wa wanawake 626 wenye PCOS, waliotibiwa hadi miezi sita. Waliopewa metformin peke yake, waliojifungua mtoto hai walikuwa asilimia 7.2. Waliopewa klomifeni, ile ya kupevusha mayai, asilimia 22.5. Waliopewa zote mbili, 26.8. Mwaka 2014 wanawake 750 wakalinganishwa kwa klomifeni na letrozole, na letrozole ikashinda: asilimia 27.5 dhidi ya 19.1. Miongozo ya kimataifa sasa inaitaja letrozole kuwa dawa ya kwanza ya kupevusha yai kwa PCOS. Humezwa siku tano tu mwanzoni mwa mzunguko. Inapunguza estrojeni kwa muda, ubongo unashtuka na kutuma FSH zaidi, na yai moja kati ya wale wanaosubiri kituoni linapata gari.

Nakuambia mapema ili usirudi tena nyumbani unalia: ukipeleka cheti cha letrozole dukani, huenda ukaambiwa ni dawa ya saratani ya matiti. Kweli ilianzia huko. Wewe huna saratani. Dawa moja inaweza kuwa na kazi mbili, kama ambavyo aspirini hutuliza kichwa na pia huandikiwa mgonjwa wa moyo.

Kwa hiyo miaka mitatu ya kungoja inatosha, usikae mwaka mzima na metformin peke yake. Meza metformin, punguza uzito kidogo, na muulize daktari wako kuhusu letrozole mkishapata majibu ya vipimo nitakavyovitaja. Usijinunulie mwenyewe dawa za kupevusha mayai. Nimepokea wanawake waliomeza klomifeni miezi tisa mfululizo kwa ushauri wa shoga, mirija yao imeziba pande zote mbili. Yai linapevuka kila mwezi, halina pa kupita.

Hilo la mirija nalisisitiza kwa sababu huku kwetu Afrika mirija iliyoziba kwa maambukizi ya zamani, klamidia na kisonono hasa, ni sababu kubwa sana ya kukosa mtoto, na mara nyingi haikuacha dalili yoyote. Kuwa na PCOS hakukukingi na hilo. Ukishamaliza hedhi, kabla yai halijapevuka, unapigwa picha ya mirija kwa dawa inayopitishwa kwenye mlango wa kizazi. Inauma kama maumivu ya hedhi, dakika chache. Ile pesa ya kipimo cha insulini ndiyo iende hapo. Omba pia upimwe homoni ya tezi ya shingo na prolaktini, homoni ya maziwa, kwa sababu yoyote kati ya hizo ikivurugika hedhi hupotea vilevile.

Sukari yako nayo naomba ipimwe tena kwa njia nyingine. 5.4 ya asubuhi ni nzuri, lakini kongosho linalohangaika huanza kushindwa baada ya chakula. Unapimwa kabla ya kula, unakunywa gramu 75 za glukosi kwenye maji, unapimwa tena baada ya saa mbili. Ikiwa chini ya 7.8 uko salama. Kati ya 7.8 na 11.0 umeanza kuelekea kwenye kisukari, 11.1 na kuendelea kinahesabiwa ni kisukari. Kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu, HbA1c, ni kizuri pia, ila mwenye selimundu au upungufu wa damu kinaweza kumpa jibu la uongo, na ukanda wetu wa pwani selimundu ni nyingi. Nataka tujue haya kabla ya mimba, kwa sababu moyo na uti wa mgongo wa mtoto hujengwa wiki za mwanzo kabisa, wakati mama wengi hawajajua hata kama ni wajawazito. Sukari ikiwa juu wakati huo, mtoto anaweza kuumbika vibaya au mimba ikatoka. Kwa mwenye kisukari tunapenda HbA1c iwe chini ya asilimia 6.5 kabla ya kutafuta mimba. Na wewe, kisukari kiwepo kisiwepo, anza foliki asidi sasa. Kipimo daktari atakuchagulia, maana mwenye kisukari au uzito mkubwa huandikiwa cha juu kuliko mikrogramu 400 za kawaida.

Uzito. Najua kwetu bibi harusi akinenepa anaambiwa ndoa imemkubali. Sikuambii uwe mwembamba. Ukipunguza asilimia 5 hadi 10, yaani kilo 4 hadi 8 kwa wewe, wanawake wengi wa PCOS huanza kuona siku zao hata kabla nguo hazijalegea. Ukibaki na kilo 77 unaweza kuwa na watoto watatu. Kufunga kula kabisa usijaribu, wala chai za kupunguza tumbo. Tazama sukari inayonywewa kwanza: soda, juisi za paketi, ile chai ya asubuhi yenye vijiko vitatu na maandazi mawili pembeni. Wali wa nazi sikunyang'anyi, mimi mwenyewe ni wa pwani. Pakua nusu ya ule uliozoea, samaki na maharage viongezeke, mchicha au matembele yajaze sahani. Halafu tembea baada ya kula. Msuli unapofanya kazi huingiza sukari bila kusubiri hodi ya insulini, na hilo hakuna kidonge kinachokufanyia kwa bei hiyo. Nusu saa ya jioni kuelekea Raskazone, siku tano kwa wiki, mkiwa wawili ikiwezekana. Kama kuna mtu amekupa zile sindano za kupunguza uzito zenye semaglutide, zinapaswa kuachwa angalau miezi miwili kabla ya kutafuta mimba.

Dawa za kusafisha kizazi acha leo. Kizazi hakichafuki, kila hedhi kinajisafisha chenyewe. Za kunywa hatujui zina nini, na ini na figo ndivyo vitakavyolipa. Za kuweka ukeni huua bakteria wazuri na kufungua njia ya maambukizi yaleyale yanayoziba mirija. Wifi yako nadhani anakutakia mema, kwa hiyo mwambie kwa upole kwamba daktari amekuanzishia tiba na hairuhusiwi kuchanganywa. Dua endelea nazo.

Na usikubali tena kukaa miezi minne bila damu kama ulivyofanya mwaka jana. Yai lisipopevuka, estrojeni inaendelea kuunenepesha ukuta wa kizazi bila projesteroni, homoni inayotoka yai likishapevuka, ya kuuangusha, na miaka ikipita ukuta huo unaweza kugeuka kuwa saratani. Ikifika miezi mitatu bila kuona siku, pima mimba. Ikiwa hakuna, daktari atakupa dawa ya siku chache ya kuleta hedhi.

Nimebakiza mume wako, na ndiye aliyenifanya niisome barua yako mara mbili. Umeandika kama jambo dogo kwamba anaamka mara tatu usiku kukojoa. Muulize kama ana kiu isiyoisha, kama amepungua au kitambi kimeongezeka, kama miguu inamwaka moto. Inawezekana mwenye kisukari ndani ya nyumba yenu ni yeye, na apimwe sukari wiki hii, mtoto awepo asiwepo.

Kisukari na usugu wa insulini humgusa mwanaume vilevile. Mafuta ya tumbo hugeuza testosteroni, homoni ya kiume, kuwa estrojeni, nguvu na hamu hupungua. Sukari ya juu huharibu mishipa midogo ya damu na ya fahamu, uume unashindwa kusimama imara. Wengine ule mlango wa kibofu haufungi, manii yanarudi nyuma na kuingia kwenye kibofu. Mtu anafika kileleni hatoi kitu, mkojo unaofuata una ukungu. Na mbegu zenyewe, hata zikionekana nyingi, vinasaba vyake vinaweza kuwa vimejeruhiwa. Kukaa kwenye kiti cha lori saa nyingi kunaongeza joto la korodani, nazo hupenda ubaridi.

Mtoto wa miaka tisa ni ushahidi wa mbegu za miaka kumi iliyopita. Mbegu hutengenezwa upya kila mara, na kuikamilisha moja huchukua takriban siku 74, kwa hiyo zilizopo leo zimetokana na alivyoishi miezi mitatu hii. Kipimo chake ndicho rahisi kuliko vyako vyote: siku mbili hadi saba bila tendo, sampuli kwenye kikopo, jibu. Shirika la Afya Duniani linatumia kiwango cha chini cha mbegu milioni 16 kwa kila mililita. Akiwa chini ya hapo, mwezi mmoja haumhukumu. Hurudia baada ya miezi mitatu akiwa ameshatulia sukari, maana zitakuwa mbegu mpya.

Usimpelekee habari hii kama mashtaka. Mwanaume akisikia "wewe ndiye tatizo" atafunga mlango. Mwambie una wasiwasi na usiku wake, kwamba baba yako alianza hivihivi, na mwombe mkapime sukari pamoja asubuhi moja kabla ya chai. Mkiwa pale pale hospitali, maabara ya mbegu iko hatua chache.

Kuhusu vidonge vilivyo kwenye mkoba: pima mkojo wa mimba kwanza, kwa sababu mwenye mzunguko kama wako anaweza kubeba asijue. Ikiwa hakuna, na figo zilishapimwa ziko sawa, kidonge cha kwanza kimeze usiku huu, katikati ya chakula, na maji mengi. Tumbo likikusumbua sana, usiache. Mpigie daktari wako akupunguzie au akubadilishie uanze na ile inayoyeyuka taratibu. Siku utakapoona mzunguko umeanza kusogea, siku 40, kisha 35, ujue yai limeanza kutoka. Kutoka hapo mimba inaweza kuingia hata kabla hujaona hedhi inayofuata, kwa hiyo ukichelewa, pima.